Waliofuta Sauti ya Hilda

Oliva na mumewe Renatus wana duka la video kijijini Nangwa. Kukiwa na harusi, kipaimara au msiba, wao ndio wanaoitwa kurekodi. Video zote hukaa kwenye kompyuta ya dukani. Renatus ni mwalimu huko Haydom, mbali na duka. Akitoka kazini huingia kwenye kompyuta hiyo kwa mtandao, akahariri video akiwa huko huko.

Jumatatu moja Oliva aliwasha kompyuta akakuta ni tupu. Mafaili yote yalikuwa yamefutwa.

Siku hiyohiyo alifika Mama Hilda. Binti yake alifariki wakati wa masika.

"Nimekuja kumsikia Hilda akiimba kwaya kwenye ile video mliyomrekodi," alisema.

Oliva alishindwa kumtazama. "Dada, kuna watu wameingia kwenye kompyuta. Wamefuta kila kitu."

"Hata sauti yake?"

"Hata sauti."

Mama Hilda alikaa kwenye benchi. Kisha akaondoka bila kuaga.

Jioni Renatus alirudi na Angela, fundi wa kompyuta kutoka Katesh, ambaye aliikagua kompyuta kwa muda mrefu.

"Nani anatuchukia hivi?" Oliva aliuliza.

"Waliofanya hivi hawawajui," Angela alisema. "Wanatumia programu zinazozunguka mtandaoni zikibahatisha nenosiri la kila kompyuta. Hazichoki. La kwenu lilikuwa nini?"

Renatus aliinamisha kichwa. "Nangwa123."

"Hilo ni rahisi mno."

"Sasa tufanyeje?" Oliva aliuliza.

"Tuache kuingia kwa nenosiri. Nitatengeneza funguo mbili. Ni mafaili yanayotambuana. Moja litabaki dukani. Lile la siri litakaa kwenye kompyuta yako, Renatus. Usimpe mtu. Asiye nalo haingii, hata abahatishe mwaka mzima. Na anayejaribu mara nyingi atafungiwa nje. Halafu wekeni nakala za video kwenye diski, mkimaliza mnaichomoa."

"Na video ya Hilda?"

"Nimeitafuta sana. Pole, dada."

Programu zile bado zinajaribu. Angela aliwaonyesha majaribio mengi, yote yamekataliwa. Hakuna video nyingine iliyopotea. Lakini wateja kadhaa hawakurudi tena.

Baada ya mavuno Mama Hilda alikuja, amemshika mkono mama yake mzee.

"Shikamoo, bibi," Oliva alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Hilda aliitazama kompyuta. "Siku hizi mnatunza vizuri?"

"Tunatunza, dada."

"Basi mrekodini mama akiongea. Yeye bado yupo."