Ng'ombe wa Kitovu

Saa 8:00 mchana. Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza simu, Garsen.

Walikuwa watatu. Mwaro ndiye mkubwa. Sadik ni wa kompyuta: mpe sauti ya mtu ya nusu dakika, mashine yake itaiga mpaka pumzi. Kalla kazi yake ilikuwa kunusa mnadani, nani kauza ng'ombe, nani ana mtoto mbali.

"Leo tunampigia nani?" Kalla akauliza.

"Abdia," Mwaro akajibu.

Abdia ni mamake Kalla. Juzi Kalla mwenyewe alijisifu kwamba mama kauza madume manne, yote yaliyosazwa na ukame. Mdomo umeponza kichwa.

"Sauti mtaitoa wapi?"

"Si unatutumia meseji za sauti kila siku?" Mwaro akaweka panga mezani. "Kaa kitako."

Saa 8:07. Mama akapokea.

"Mama, nimegonga mtoto na pikipiki hapa Minjila," sauti ya Kalla ikalia kutoka kwenye kompyuta. "Simu yangu imevunjika, hii ni ya kuazima. Wenyewe wanataka laki mbili, ama waniue."

Kiswahili kile kile cha nyumbani, cha Kipini alikozaliwa mama. Kalla alijisikiliza akilia. Alidhani ataona uchungu. Hakuona kitu.

Mama alihema. "Ng'ombe wa kitovu chako alikuwa rangi gani?"

Sadik akaziba maikrofoni. "Ng'ombe gani huyo?"

"Ndama niliyepewa na baba siku niliyozaliwa. Kila Muorma anaye."

"Rangi?"

Alikuwa mwekundu.

"Mweupe," Kalla akasema.

Mashine ikasema mweupe. Mama akakata.

Saa 8:08. Panga likahamia shingoni mwa Kalla. Mwaro alishapiga tena.

"Umetuuza. Sasa tumia koo lako. Pesa zikiingia, nenda zako. Zisipoingia, huondoki hapa."

"Mama, ni mimi. Wallahi ni mimi, Kalla."

"Ng'ombe, mwanangu?" Sauti ya mama ilitetemeka. Alitaka mno kuamini.

Kalla akalifikiria zizi tupu, na dadake Kadra anayelelewa kwa hizo pesa.

"Mweupe, mama."

"Mungu awaongoze," mama akasema. "Mwanangu nitampigia mwenyewe, kwa namba yake."

Saa 8:10. Mwaro akafunga mlango kwa komeo. Mfukoni mwa Kalla simu ikaanza kuita. Ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena, na hakuna aliyeipokea.