Kadi Nyekundu Kwenye Kalenda

"Huyo hapo! Huyo ndiye aliyetuambia tutoe mirunda ya paa!"

Kidole kilinielekea mimi.

Na mwenye kidole alikuwa shemeji yangu! Mume wa dada yangu wa tumbo moja. Mtu ambaye jana yake tu alikula kwangu na akaomba aongezewe!

Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni. Mbele yangu mkurugenzi, kulia kwake meneja wa saiti, kushoto mwanasheria na kalamu yake tayari.

"Shemeji... unasema nini?"

Hakuniangalia. Alikuwa anakwangua meza kwa ukucha.

"Nasema kilichotokea. Wewe ndiye msimamizi wa usalama. Ulisema zege limeshika."

Jamani! Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi mwashi, mwanamke, mwaka wa tisa huu. Miaka miwili iliyopita kampuni ikanipa usimamizi wa usalama. Na kampuni yetu, kwa maneno mazuri, hamuiwezi! Kila asubuhi kabla hatujagusa koleo tunasimama duara, meneja anapaza sauti.

"Nani ana haki ya kusimamisha kazi?"

"Kila mtu!"

"Kwa kitu gani?"

Hapo kila mmoja anatoa kadi nyekundu mfuko wa kifuani na kuinyanyua juu. Ukiona hatari unainua kadi, kazi inasimama, hata kama wewe ni mfagiaji.

"Na sisi ni nani?"

"Familiaaa!"

Mimi niliyaamini yale maneno. Nicheke tu, ukitaka.

Sasa, kila mwaka kampuni ina Siku ya Jamii. Tunachagua mtaa mmoja, tunawajengea kitu bure. Miaka mitatu mfululizo niliomba zamu ya zahanati ya mtaani kwetu. Wagonjwa pale walikuwa wanasubiri juani. Mwanangu wa pili nusura nimzalie kwenye foleni, mkunga akatoka mbio, akanishika, akampokea mtoto mlangoni kabisa. Wanangu wote wawili wamepita mikononi mwa yule mama.

Mwaka huu wakakubali. Baraza la kusubiria, lenye paa la zege. Nililia kwa furaha!

Zege tulimwaga Jumapili. Sherehe ikapangwa Jumamosi inayofuata.

Hesabu mwenyewe. Siku sita!

Mirunda ni zile nguzo za miti zinazobeba paa likiwa bado bichi. Kila fundi anajua, paa kama lile unaliachia mirunda wiki tatu na zaidi. Kwenye saiti za wateja tunaacha hata nne.

Jumamosi nilifika saa mbili asubuhi. Maturubai, viti, spika, soda kwenye barafu. Na yule afisa uhusiano wetu, tunamwita Bwana Picha, ameshika kichwa.

"Haya magogo yanaharibu picha! Baraza halionekani!"

Meneja akageuka kwa shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu pale.

"Toa."

Shemeji akachukua nyundo.

"Shemeji, acha! Siku sita hizi!"

"Meneja kasema."

"Na mimi nasema hapana! Unataka kuua watu?"

"Usinitie aibu mbele za watu bwana."

Ko! Mrunda wa kwanza ukatoka. Ko! Wa pili.

Nikachomoa kadi. Nikasimama katikati ya uwanja, nikanyoosha mkono mpaka kwapa likauma!

Wakati huohuo Bwana Picha alikuwa juu ya kiti na kamera yake.

"Wote hapa! Mikono juu! Mojaaa, mbiliii..."

"Familiaaa!"

Watu wote wakainua mikono wakicheka. Mkono wangu ukawa mmoja wa mikono arobaini.

Meneja akanijia sikioni.

"Hiyo kadi ni ya saiti. Hapa hatupo kazini, tunajitolea. Unataka kuwaharibia watu wa mtaa wako siku yao?"

Mirunda yote ikatoka. Mgeni rasmi akakata utepe. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku kumi na moja baadaye wakapandisha tenki la maji juu ya lile paa, nalo zawadi ya kampuni. Saa nne asubuhi likajaa kwa mara ya kwanza.

Mkunga aliona vumbi linadondoka. Akapiga kelele watu watoke. Wakatoka wote, isipokuwa mjamzito mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye benchi. Mkunga akarudi, akamsukuma nje...

Paa likashuka.

Mjamzito alipona. Mkunga likambana mkono wa kulia. Madaktari walifanya waliloweza, lakini vidole vile havitashika kitu tena.

Mkono uliopokea wanangu!

Sasa turudi chumba cha mikutano.

"Sheria yetu unaijua," mkurugenzi akasema kwa upole wa kuudhi. "Anayeona hatari akaacha kuinua kadi, hatari ni yake. Wewe uliinua?"

"Niliinua!"

"Nani aliona?"

Mkurugenzi akageukia kulia kwake.

"Meneja?"

"Hakuna kadi iliyoinuliwa siku ile."

"Fundi mkuu?"

Shemeji akaendelea kukwangua meza.

"Mimi... sikuona."

Nikaelewa. Wiki ile dada alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba mumewe anapandishwa cheo. Kumbe bei ya cheo chenyewe ni mimi!

Mwanasheria akanisogezea karatasi.

"Saini hapa kwamba ulitoa maelekezo, tutalimaliza ndani kwa ndani. Ukikataa tunaenda polisi, na hawa wawili watatoa ushahidi."

Machozi yakanitoka. Nikawaza wanangu. Nikawaza mtaa mzima utakavyoninyooshea kidole. Nikainua macho nisimwangalie mtu yeyote mle ndani, yakatua ukutani, nyuma ya kichwa cha mkurugenzi.

Kalenda.

Kalenda mpya ya kampuni, Bwana Picha aliikimbiza kwa mchapaji mara tu baada ya sherehe. Picha kubwa ya Siku ya Jamii. Watu arobaini, mikono juu, na maneno makubwa chini yao: SISI NI FAMILIA.

Nikasimama. Meneja akadhani nakimbia, akakaa mlangoni! Nikaizunguka meza, nikaichomoa kalenda kwenye msumari, nikaibwaga juu ya ile karatasi yao.

"Huyu hapa asiyecheka ni nani?"

Mkurugenzi akavaa miwani.

Mikono thelathini na tisa ilikuwa mitupu. Wangu ulikuwa na kadi nyekundu, inaonekana vizuri kabisa. Na nyuma yangu, meno yote nje, alikuwepo shemeji yangu na mrunda begani! Meneja yuko hatua mbili tu, ananitazama mimi.

Mkurugenzi akavua miwani.

"Hizi zimechapwa ngapi?" mkurugenzi akauliza kwa sauti ndogo.

Bwana Picha akaitwa. Akaingia anatabasamu, masikini.

"Elfu mbili, bosi!"

"Ziko wapi?"

"Zote nimeshagawa! Wateja, mabenki, mashule... hata polisi nimewapelekea!"

Nusura nicheke.

Kesho yake magari ya kampuni yalizunguka kukusanya kalenda, eti zina kosa la uchapaji. Meneja akasimamishwa. Shemeji akafukuzwa. Dada yangu hajapokea simu yangu mpaka leo, anawaambia watu nimemvunjia nyumba. Mimi nikabakishwa kazini na kuombwa radhi ndani ya duara, mbele ya wote.

"Sisi ni nani?"

"Familiaaa!"

Nilifunga mdomo wangu.

Siku hiyohiyo nikaenda hospitali kumwona mkunga. Nilibeba kalenda moja niliyoificha. Nilitaka aone kwamba sikumsaliti, kwamba mimi nilikuwa upande wake.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Aliiangalia muda mrefu.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilidhani unashangilia."

"Hapana mama. Nilikuwa nakataza."

"Naona. Uliinua."

"Niliinua, mama!"

"Na baada ya picha ukafanya nini?"

...

Wasomaji wangu, kuna kipande nimekiruka. Wengine mmeshakiona.

Meneja aliponinong'oneza, niliishusha ile kadi. Niliirudisha mfukoni na kufunga kifungo. Nikachukua soda, nikakaa chini ya kivuli cha paa lilelile, nikapiga makofi utepe ulipokatwa. Nilikuwa nimeiomba siku ile miaka mitatu. Sikutaka kuonekana ninayeiharibu.

Na zile siku kumi na moja? Kila asubuhi nikienda kazini nilipita pale. Kila asubuhi mkunga alinipungia mkono. Ule wa kulia! Nami nikampungia, nikapita.

Nilijua. Yeye hakujua.

"Ungeniambia mimi tu, mwanangu," akasema. "Ningewasubirisha juani kama zamani. Tulikuwa tumezoea."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Aliniwekea kalenda mapajani, akageukia ukutani.

Basi mwenzangu unayesoma hapa, huenda nawe kazini kwenu kuna kadi, kuna kaulimbiu, kuna picha za kucheka. Ukiona hatari, inua mkono. Lakini usidanganyike kwamba ukishauinua umemaliza. Bosi atakuja sikioni, na hapo hakuna kamera. Hapo ndipo utakapojijua wewe ni nani.

Mtaani wananiita shujaa, mwanamke aliyeinua kadi. Kalenda moja iliyonusurika kukusanywa wameibandika mlango wa zahanati, pale kwenye kifusi.

Nami kila asubuhi bado napita pale. Siku hizi hakuna anayenipungia.