Mume Wangu Hakuwahi Kufika Kambini

Wasomaji wenzangu, mie ni bibi wa miaka sabini na nne, nakaa Ibra, Omani. Nimezaliwa Unguja, skuli nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo nistahamilieni. Nataka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu... Nilimnyima mwanamke mwenzangu kumuaga mtu wake aliyekuwa anakufa. Na nilifanya makusudi.

Mume wangu, Nassor bin Khalfan, alipostaafu alianza kwenda kambi. Kila Alkhamisi baada ya asri anapakia kigari chake cheupe, huyo, mlima wa Jabal Akhdar, kwenye msitu wa ile miti mikongwe ya alaalani inayoota kule juu kwenye baridi. Akisema pahala penyewe pa bure, hapana lango, hapana mlinzi, hapana umeme. Mtu anatandika jamvi lake chini ya mti, basi.

Nilimwambia anichukue na mie. Akanambia, "Zamzam, kule hapana hata choo. Unataka nini kule?"

Miaka kumi na moja! Na mie nikimpikia. Wali wa nyama, mkate wa ufuta, halwa ya kula na wenzake. Wenzake wote nikiwajua kwa majina: Khamis bin Seif, Mbarak wa Samail, na Hamdun mwenye mguu mbaya. Kila Ijumaa akirudi namuuliza, mguu wa Hamdun vipi? Ananijibu, unaendelea vizuri. Nikimwombea dua Hamdun, jamani...

Halafu Nassor akapooza. Upande mzima wa kulia, na ulimi ukafa. Miezi minane nikimlisha, nikimgeuza, nikimwosha. Kila Alkhamisi jioni simu yake ikilia, imeandikwa Khamis. Nikiipokea na kusema haloo, inakatwa. Nikasema labda mtandao wa mlimani mbaya.

Wajukuu zangu, Raya na Haitham, wakaona nimekwisha. Wakasema watanipeleka nikalale usiku mmoja kwenye kambi ya babu yao nipumzike, mama yao atakaa na mgonjwa. Nilifurahi, siwafichi.

Chini ya mlima pana kizuizi cha polisi. Mbele yetu palikuwa na gari ndogo nyeupe, kama ya Nassor. Polisi akairudisha. Nikauliza wale wamefanya nini.

"Hawakufanya kitu, bibi," Haitham akanijibu. "Gari ndogo haziruhusiwi kupanda, breki zake haziwezi ule mteremko. Mpaka uwe na gari ya mlima kama hii."

"Tangu lini?"

"Tangu mie mdogo."

Nassor hakuwahi kuwa na gari ya mlima. Nikajisemea, labda Khamis alikuwa akimpandisha. Mtu akitaka kuamini, atakosa sababu?

Tukafika. Kweli pa bure, na kweli hapana kitu. Mawe, miti iliyopinda, majivu ya watu waliotangulia. Maji tulibeba wenyewe kwenye madumu. Raya akanifungia shuka baina ya miti miwili, ndio choo changu. Mie nikatafuta kisima alichonihadithia Nassor miaka yote ile. Hapana kisima.

Karibu yetu palikuwa na mtu mzima wa Nizwa, Mundhir bin Rashid, na wanawe. Alituletea kahawa. Nikamuuliza habari za Khamis, za Mbarak, za Hamdun mwenye mguu. Akafikiri sana, maskini. Akasema yeye miaka kumi na tano anakuja pale kila wiki, na majina hayo hajapata kuyasikia.

Raya akaja na simu yake mkononi. "Bibi, babu alikuwa analala wapi hasa? Nataka kupapiga picha."

Ningemwambia nini mtoto yule? Nikanyoosha kidole, nikamwonyesha mti. Mti wowote. Wakaupiga picha wote wawili, wakaukumbatia...

Mpaka leo nawajua kwa majina watu watatu ambao hawajapata kuzaliwa.

Alkhamisi iliyofuata simu ya Nassor ikalia, Khamis yule yule. Nilikuwa nimekaa kitandani kwa Nassor. Safari hii nikaipokea, nisiseme kitu.

"Nassor?" Sauti ya mwanamke. "Mbona kimya? Nimekukosea nini?"

"Nani wewe?"

Akasema, pole pole, "Mie Zuwena binti Hilal, wa Izki. Mke wake. Aliniapisha nisije kwenu. Niambie tu, dada... yuhai?"

Wasomaji, neno moja tu lilitakiwa. Moja!

"Umekosea nambari," nikamwambia. "Hapa hapana Nassor."

Na Nassor alikuwa pale pale, ananisikia. Chozi likamtoka likaingia sikioni. Sikulifuta. Simu nikaizima, nikaifungia kabatini.

Nilimuuguza vilevile, siku zote safi, hakupata kidonda. Lakini kila Alkhamisi baada ya asri macho yake yalikuwa mlangoni. Nikijua anamngoja nani. Nikaweka kiti changu katikati, asiuone mlango.

Alikufa baada ya wiki tano.

Siku ya tatu ya matanga akaingia mwanamke mnene, mfupi, abaya imepauka. Habari ameipata kwenye matangazo ya vifo ya simu. Akanipa mkono, akanong'ona jina lake. Hakunitukana. Angelinitukana ningelipumzika. Aliniuliza tu, "Alinitaja?" Nikamwambia ulimi ulikufa. Habari ya macho sikumwambia.

Wanawake wenzangu, mume akikwambia pahala hapana choo, mfuate ukapaone. Na ukishajua, gombana naye, au toka uende zako. Lakini usimlipize mtu aliyelala kitandani, wala usimfungie mlango anayempenda. Nassor alinidanganya, nimeshamsamehe. Nafsi yangu bado sijaweza... nimechoka nayo.

Na wewe Zuwena binti Hilal, kama haya yatakufikia huko Izki: alikuwa akikungoja. Kila Alkhamisi. Mie ndiye niliyekaa mbele yake.