Birika ya Kijani Juu ya Mfuko

Godelieve alikaa katika kijiji cha Kingi pamoja na mume wake Nestor na mtoto wao Benoît. Walilima maharagwe, mahindi na viazi. Asubuhi Nestor alitangulia shambani. Godelieve aliteka maji, akapika uji, akamfunga Benoît mgongoni, kisha akamfuata mume wake.

Mwaka ule wa 1954 wanawake wa Kingi walijifunza kushona. Mwalimu wao alipewa turubai ya zamani, kile kitambaa kigumu cha hema. Aliikata vipande kumi na vinne. Kila mwanamke akashona mfuko wenye mikono miwili. Ilikuwa mifuko mizuri. Haikupasuka hata ukijaza viazi. Shida ilikuwa moja tu: yote ilifanana.

Siku moja Godelieve alimpeleka Benoît kwenye dispansere, nyumba ya kutolea dawa. Mtoto alikuwa na minyoo. Munganga, tabibu wa pale, alimpa dawa iliyofungwa katika karatasi. Godelieve akaitia mfukoni. Akatundika mfuko kwenye msumari, karibu na mifuko ya wenzake, ili amvalishe mtoto nguo. Mara ngurumo zikaanza. Wanawake wote wakaharakisha. Godelieve akachukua mfuko, akaondoka.

Nyumbani alifungua mfuko. Akaona kofia ndogo ya sufu juu ya karatasi ya dawa.

"Nestor, angalia. Kofia hii haiko ya Benoît."

"Iko ya nani?"

"Ya Agathe, mutoto wa Libérata. Nilikamata mufuko yake!"

Nestor alishika karatasi ya dawa. "Usimupe Benoît dawa hii. Hatujui iko ya nini."

"Simupi. Lakini Agathe iko na homa kali. Nilimugusa leo ku dispansere, alikuwa moto. Na dawa yake njo hii!"

Godelieve alitaka kutoka mara moja. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na nyumba ya Libérata ilikuwa ng'ambo ya mto. Nestor alikwenda kuangalia. Akarudi amelowa mpaka kichwani.

"Mto umejaa," alisema. "Ukiingia, utakufa. Tungoje asubuhi."

Asubuhi maji yalipungua. Godelieve alivuka. Njiani akakutana na Libérata, naye alikuwa anakuja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Benoît! Sababu gani uliiba dawa ya mutoto wangu?"

"Sikuiba, Mama Agathe. Mifuko yetu inafanana. Unisamehe."

"Agathe hakulala! Nilifungua mufuko, nikakuta dawa ya minyoo. Ningefanya nini nayo?"

Libérata akanyakua mfuko wake, akaweka ule wa Godelieve chini, akageuka.

Agathe alipona baada ya siku nne. Lakini Libérata hakumsalimia Godelieve tena. Hata kanisani alihama, akakaa benchi lingine. Jambo hilo lilimuuma Godelieve sana. Walikuwa wamelima pamoja tangu walipoolewa.

"Nitajua namna gani mufuko yangu?" aliuliza.

"Funga kamba nyekundu," alisema Nestor.

Akafunga kamba nyekundu. Juma lililofuata wanawake wawili wengine walikuja na kamba nyekundu.

Nestor alikuwa na rangi ya kijani, iliyobaki alipopaka mlango. Godelieve akachukua karatasi ya sukari. Akachora birika, akaikata kwa wembe, akabaki na tundu lenye umbo la birika. Akaweka karatasi juu ya mfuko. Akachovya unyoya wa kuku katika rangi, akapaka sana. Rangi ikalowesha karatasi, ikapita chini yake, ikasambaa.

Nestor akaangalia. "Iko chura?"

Godelieve akacheka kidogo. Kisha akaufua mfuko, lakini rangi haikutoka. Upande mmoja wa mfuko ulikuwa umeharibika.

Juma lile alifika Damien, mdogo wake Nestor. Alikuwa amepata ruhusa kazini. Alifanya kazi Walikale, katika magazini, ghala la mgodi mmoja. Kazi yake ilikuwa kutia alama juu ya magunia. Aliuona mfuko umeanikwa kwenye ua.

"Shemeji, nani alipaka hii?"

"Miye. Usicheke."

"Sicheki. Miye pia, siku ya kwanza, niliharibu magunia sita. Ulitumia karatasi gani?"

"Ya sukari."

"Njo kosa la kwanza. Iko laini, inakunywa rangi. Tafuta katoni. Na unipe mushumaa."

Nestor alileta katoni ya sabuni. Damien akasugua mshumaa juu ya katoni, pande zote mbili. Akaishika mbali kidogo na makaa mpaka nta ikayeyuka, ikaingia.

"Sasa rangi haiwezi kuingia," alisema. "Chora birika yako."

Godelieve akachora. Akaweka katoni juu ya ubao, akakata kwa wembe polepole. Alipomaliza kuzunguka mkono wa birika, kipande cha katikati kikaanguka chini.

"Tundu la mukono imepotea!" alisema.

"Kila kitu yenye tundu katikati, lazima uiachie kadaraja," alisema Damien. "Acha kipande chembamba cha katoni kishike ile ya katikati. Bila daraja, inaanguka. Anza tena. Katoni iko nyingi."

Godelieve akaanza tena. Safari hii aliacha vidaraja viwili. Kipande cha katikati kikabaki mahali pake.

"Mufuko ulifuliwa?" aliuliza Damien.

"Ndiyo. Umekauka."

"Vizuri. Rangi haishiki juu ya uchafu. Tia ubao ndani, rangi isipite upande wa pili. Sasa funga kitambaa hiki kama mupira mudogo. Gusa rangi kidogo tu. Kwanza jaribu juu ya gunia ya zamani."

Godelieve akajaribu juu ya gunia. Mara ya kwanza rangi ilikuwa nyingi. Mara ya pili ilikuwa nzuri. Ndipo akageukia upande safi wa mfuko. Hakuwa na upande mwingine. Nestor akashika katoni isiteleze.

"Usisugue," alisema Damien. "Piga-piga. Toka pembeni, uende katikati. Njo hivyo. Sasa inua katoni juu, usiivute."

Godelieve akainua. Birika ilikuwa pale, na mdomo wake, na kifuniko chake, na mkono wake. Mipaka yake ilikuwa safi.

"Eee, Mama Benoît!" alisema Nestor. "Inaweza kuchemsha maji!"

"Iache siku tatu ikauke," alisema Damien. "Kisha hata ukifua, haitatoka upesi."

Aliporudi dispansere, Godelieve alitundika mfuko wake msumarini. Wanawake wakaja kuugusa. Mmoja alitaka alama ya jembe, mwingine ya jani la maharagwe. Libérata alikaa mbali, mfuko wake juu ya magoti.

Baada ya siku mbili Libérata alifika nyumbani kwa Godelieve. Alikuwa na katoni chini ya kwapa. Akasimama mlangoni.

"Siku ile nilikuita mwizi," alisema. "Nilikosea. Niliogopa juu ya mutoto."

"Hata miye ningeogopa. Ingia, Mama Agathe. Unataka alama gani?"

Libérata aliangalia chini. "Jumapili ninajifunza kusoma na bamama wengine. Nataka jina yangu."

"Herufi ya kwanza tu?"

"Yote."

Wakakaa pamoja. Libérata alichora herufi moja moja, ulimi kati ya meno. L ilikuwa rahisi. I pia. Lakini B ilikuwa na matundu mawili, na R ilikuwa na moja, na A mbili, kila moja na lake. Godelieve alimwonyesha mahali pa kuacha vidaraja. B ya kwanza iliharibika. Ya pili pia. Walifanya kazi siku tatu, baada ya shamba, watoto wakicheza karibu yao.

Rangi ilipokauka, Libérata aliutundika mfuko dispansere kati ya mingine. Munganga alipotoka, aliusoma kwa sauti: "Libérata!"

Libérata alikuwa amemkalisha Agathe mapajani. Alishika kidole cha mtoto, akakipitisha hewani, herufi moja baada ya nyingine, akimsomea jina la mama yake.