Lori la Pua Ndefu

Kila jioni, akishaosha vyombo, Honi alitoka kwenda uani kulifunga lori. Milango yake ilikuwa bado haijarudishwa, kwa hiyo kufuli lisingesaidia kitu. Alipanda juu ya bampa, akainua boneti, akachomoa rota, kidude kidogo cha plastiki chenye bati la shaba juu, ambacho hugawa moto kwenye plagi. Kisipokuwepo, zungusha injini mpaka uchoke, haiwaki ng'o.

"Mwizi akija itabidi alisukume," baba alipenda kusema. "Tutamkuta hapo kwenye kona, hoi, anaomba maji."

Asubuhi Honi alikirudisha. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna mwingine aliyeigusa. Hata hilo jina la Honi alipewa na baba, kwa sababu alipozaliwa kilio chake kilisikika hadi barabarani.

Lori lenyewe lilikuwa la zamani, la pua ndefu. Baba alilitoa kwenye chuma chakavu Honi akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliisuka upya injini, akanyoosha madigadi, akakwangua kutu kwa msasa na kupiga rangi, kipande baada ya kipande, bila kuvaa barakoa hata siku moja. "Vumbi ndiyo chai ya fundi," alisema akicheka.

Sasa alikuwa hacheki. Alipumua kama mtu anayevuta hewa kwa mrija mwembamba, na usiku alilala ameketi. Daktari hakumficha. Mapafu yaliyoharibika hayatarudi, alisema, yaliyobaki yatunzwe. Msasa basi, na rangi basi.

Lakini mama akigeuka tu, baba yuko chini ya lori.

"Nimepata mtu wa kulinunua," mama alisema siku moja wakiwa wanakula. "Ana gereji yake na vijana wa kazi. Atalimaliza."

Baba aliacha kutafuna. "Limebaki kidogo tu, mama Honi."

"Limebaki kidogo tangu huyu hajang'oa meno. Na wewe umebaki kiasi gani?"

"Usiuze, baba," Honi akadakia. "Ulisema siku ya kwanza likitoka, mimi ndiye nitakaa mbele."

"Wewe kula," mama akamwambia.

Baba alisogeza sahani yake pembeni. "Basi kesho aje. Likiwaka mbele yake, achukue. Lisipowaka, halitaki kuondoka, na mtaniacha nilimalize."

"Yaani unakiachia chuma kikuamulie?"

Baba alinawa mikono, akainuka.

Asubuhi Honi alipanda juu ya bampa kama kawaida. Akainua boneti. Akakaa pale, rota mkononi, kisha akairudisha boneti polepole na kukitia kile kidude mfukoni mwa gauni.

"Umerudisha rota?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, baba."

Mnunuzi alikuwa mtu mnene, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Honi alimwamkia akiwa bado juu ya bampa. "Marahaba," alijibu. "Wewe ndiye dereva? Shuka basi, tuone mali." Honi hakuweza hata kutabasamu.

Betri ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo baba alichukua hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono.

"Lete nikusaidie, kaka," mnunuzi alisema.

"Hili lina maudhi yake. Litakuvunja mkono."

Baba akazungusha. Injini iliguna, ikanyamaza. Akazungusha tena. Honi alikuwa amepanga kila kitu kichwani: baba atajaribu kidogo, atachoka, yule mtu ataondoka zake. Hakuwa amefikiria kwamba baba hataacha. Midomo yake iligeuka ya kijivu. Akakohoa mpaka akapinda, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, na shati likabaki na doa la damu. Akaishika tena hendeli.

"Acha, mume wangu," mama alisema. "Nakuomba."

"Mara moja tu."

Hiyo mara moja ilimpigisha magoti.

Honi alikimbia, akaishika hendeli kwa mikono yote miwili. "Usizungushe, baba. Rota ninayo mimi."

Mama alifumba macho. Mnunuzi aliangalia viatu vyake, kisha akasema atasubiri nje ya ua. Baba aliegemea gurudumu, akihangaika kupata pumzi.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Kirudishe."

Alikirudisha, machozi yakidondokea injini. Mnunuzi aliitwa, akazungusha kama baba alivyomwelekeza. Lori likawaka, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Hakuna aliyepiga makofi. Baba aliweka kiganja kwenye madigadi, akasikiliza.

"Lizime," alisema. "Uchukue. Liwake lisiwake, ilinipasa niliuze, na nilijua hivyo tangu jana. Nilikosa ubavu wa kusema."

Mchana lilivutwa kwa mnyororo. Baba hakutoka kulitazama.

Mama alimkuta Honi ameketi mahali lilipokuwa, kwenye udongo mweusi wa mafuta. Akaketi naye, bila kujali gauni lake.

"Ulikuwa unampigania baba yako. Hilo silikatai," alisema. "Lakini ulipomdanganya, ulimwacha ajiumize bure kwa kitu asichokijua. Alikuamini, ndiyo maana hakufungua kuangalia. Uongo unamuumiza zaidi anayekuamini. Siku nyingine ukiwa na neno, liseme tena mezani."

"Nilisema. Ukaniambia nile."

Mama alimfuta machozi kwa kiganja. "Kweli. Nilikosea. Siku nyingine nikikuambia ule, wewe sema. Haya, sema sasa."

Honi alichora mstari kwenye udongo kwa kidole. "Naogopa baba atakufa."

"Na mimi naogopa," mama alisema, akamvuta kifuani. "Ndiyo maana tumeliuza."

Ndani, baba aliita, si kwa sauti kubwa. Wakainuka, wakaenda wote wawili.