Mtihani wa Vijiti

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni mbiombio, akavua viatu mlangoni, na kuusukuma mlango wa chumba cha ushonaji mpaka ukabaki upenyo tu. Kabla hata ya kutia kitu tumboni alitunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona vifungo. Mama yake alikaa kando yake kwenye cherehani. Waliopita nje walisikia cherehani ikilia, wakajua fundi yupo kazini. Hawakujua kwamba vifungo vya mtaa mzima vilikuwa vikishonwa na mtoto wa darasa la sita.

Chiriku si jina alilopewa na wazazi. Majirani ndio waliompachika kwa ajili ya domo lake, maana alianza kusema kabla hajakaa, na ukiona amenyamaza ujue amelala. Lakini siku hizo alikuwa kimya, na si kwa kupenda. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa neva. Daktari aliueleza hivi: kinga ya mwili, ile ile inayotulinda na maradhi, imegeuka na kuushambulia utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo habari zinazosafiri kati ya ubongo na viungo huchelewa njiani, au hazifiki kabisa. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umeanza kufa ganzi. Sindano ilimponyoka kama sabuni.

"Hili ni la ndani," mama alimwambia. "Mteja akijua mkono wa fundi ni mgonjwa, kitambaa chake atakipeleka kwingine. Tutakula nini?"

Chiriku akaahidi kutomwambia mtu, na tangu siku ile ahadi ikamkaa kooni.

Sasa, kule hospitalini kulikuwa na kipimo cha mikono: ubao mdogo wenye matundu tisa, na vijiti tisa pembeni yake. Mgonjwa huchukua kijiti kimoja kimoja kwa mkono mmoja, akavichomeka vyote na kuvichomoa, huku mtaalamu wa mikono ameshika saa. Mara ya kwanza mama alipojaribu, vijiti vilimwanguka hadi chini ya meza, naye akatoka mle ndani ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeshika mkia. Mtaalamu alimwambia arudi baada ya miezi michache apimwe tena, ili waone kama dawa inamfaa. Mama akasikia lake: nikishindwa tena, wataniambia niache cherehani.

Chiriku alikuwa hodari wa mitihani, na aliamini dawa ya mtihani ni moja tu, mazoezi. Akamwomba seremala wa jirani amtobolee kipande cha ubao matundu, akasema ni kazi ya shule. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na uongo hauzaliwi pekee. Vijiti alivipata kwa kukatakata penseli zake za zamani. Basi ikawa kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mwalimu ni mtoto na mwanafunzi ni mama. Polepole mama akagundua ujanja wa kukiegemeza kijiti kwenye ubavu wa kidole gumba na kukiongoza kwa macho. Akawa mwepesi kweli. Walicheka, na mama akasema kama angefundishwa hivi utotoni, leo angekuwa profesa.

Lakini nje ya ubao mambo yalikuwa mengine. Vikombe vilivunjika. Ufunguo ulikataa kuingia kitasani. Mkono uliozoea matundu tisa haukuweza kufunga hata gauni la mwenyewe, na ilibidi Chiriku amfunge mama yake vifungo kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Siku moja mama alikuwa akinyoosha shati la mteja. Chiriku alisikia harufu, akadhani ni shati linaungua. Lo, halikuwa shati. Kiganja cha kulia cha mama kilikuwa kimeteleza kwenye mpini wa pasi, ubavu wake ukagusa chuma cha moto, na mama alikuwa ametulia anatazama dirishani, anaimba kwa sauti ya chini. Chiriku alirukia, akaivuta pasi. Mama aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakulia wala hakupiga ukelele, na hilo ndilo lililomtisha mtoto kuliko jeraha lenyewe.

Walilifunga jeraha. Mama akasema wakiulizwa, ni uji wa moto.

Tangu hapo Chiriku alijiona kama amefungiwa chumbani na mlango wenyewe hauonekani. Akisema, atakuwa amemsaliti mama yake na wateja watakimbia. Akinyamaza, mama ataungua tena, na safari hiyo labda yeye atakuwa shuleni. Alitamani kulia lakini hata kulia kungezua maswali. Mwenzake wa dawati, waliyecheza pamoja tangu chekechea, alimfuata wakati wa mapumziko.

"Wewe, siku hizi hata salamu unatoa kwa mkopo," alimtania. Kisha akaacha utani. "Kuna nini nyumbani?"

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga, akasema kichwa kinamuuma. Mwenzake alisubiri kidogo, halafu akaenda kucheza na wengine.

Siku ya kliniki ilipofika, mama alimwombea ruhusa shuleni ili amsindikize. Mtaalamu wa mikono, dada mmoja mcheshi aliyevaa koti jeupe, akaweka ubao mezani. Mama akavichomeka vijiti vyote bila kuangusha hata kimoja. Yule dada alitazama saa, akaitazama tena, akampongeza sana. Mama akamkonyeza mwanawe. Chiriku alijaribu kutabasamu, uso ukagoma.

Wakaingia chumba cha pili, kwa daktari wa neva, mzee mwenye miwani iliyoshuka mpaka puani. Alimbandika mama nyaya kichwani na shingoni, kisha akaanza kuupa mkono wake mishtuko midogo ya umeme kwenye kifundo, mpaka kidole gumba kikawa kinarukaruka chenyewe. Alipoona mtoto amekodoa macho, alimweleza kwamba kila mshtuko ni ujumbe unaotoka mkononi kwenda kwenye ubongo, na mashine inapima unachukua muda gani kufika. Chiriku alielewa mara moja kwamba mtihani huu haukaririwi. Neva haziendi tuisheni.

Daktari alikitazama kioo cha mashine kwa muda mrefu, kisha akamwita yule dada. Ujumbe ulikuwa unachelewa kuliko safari iliyopita, ilhali mkono ulikuwa umeongeza wepesi. Wakabaki wanakuna vichwa.

"Mama, nilikuwa nafikiria kukubadilishia dawa, nikupe yenye nguvu zaidi," daktari alisema. "Lakini kama mkono unakutumikia vizuri namna hii, tuendelee na ile ile kwa miezi mingine. Nyumbani kuna shida yoyote?"

"Hakuna, daktari."

"Na hilo jeraha?"

"Uji tu. Uji wa moto."

Daktari akachukua kalamu. Chiriku aliiona kalamu ikishuka kwenye karatasi, akawaza miezi mingine ya pasi ile. 

"Si uji," alisema. "Ni pasi. Na mama hakuisikia."

Mama alimwambia anyamaze, kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele.

"Nimenyamaza sana, Mama. Siwezi tena."

Yakamtoka yote: vifungo, vikombe, ubao wa seremala, mazoezi ya kila jioni. Yule dada alivua koti lake, akaliweka mapajani kwa mama, akamwomba afunge kifungo kimoja tu. Mama alijaribu. Kifungo kikateleza, akakishika tena, kikateleza tena. Mwishowe akaliacha koti, akafunika uso, akalia. Chiriku alisimama pale akijua yeye ndiye aliyemliza.

Hakuna aliyewagombeza. Dada alivuta kiti, akakaa mbele yao.

"Sikilizeni. Mtihani wa shule unapima ulichojifunza, kwa hiyo jifunze usiku na mchana. Kipimo cha hospitali kinapima hali yako. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Ukinionyesha mkono ambao si wako, nitautibu huo, na wako utabaki mgonjwa."

Daktari akabadilisha dawa siku hiyo hiyo, ingawa alisema wazi kwamba haitarudisha kila kilichopotea, itazuia tu ugonjwa usisonge haraka. Dada naye akamfundisha mama kushika pasi kwa mkono wa kushoto, ambao bado una hisia, na kufanya kazi nzito asubuhi kabla joto na uchovu havijamzidi. Wala hakuna aliyemwambia aache cherehani.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alileta kitambaa cha gauni. Mama alimpima, kisha akamweleza, bila kuzunguka, kwamba mkono wake ni mgonjwa, nguo itachelewa, na vifungo atavishona binti yake, ambaye yeye mwenyewe anamfundisha kazi. Mteja alifikiri, akakunja kitambaa chake, akaaga. Chiriku aliona aibu kwa niaba ya mama. Jioni wakaja wengine wawili. Walisikia maneno yale yale, wakaviacha vitambaa vyao.

Mlango ulikuwa wazi. Chiriku alinyoosha mkono achukue sindano, mama akamzuia.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, nami nikajiona mjanja kuwapita," alisema. "Nilikufunga mdomo nikidhani nimeufunga ugonjwa. Kumbe nilikuwa nimejifungia nao ndani, na wewe nikakuweka humo humo. Ukiniona tena naficha kitu kinachoniua, sema. Sema hata nikikukataza."

Kisha akamwambia atoke nje akacheze kabla giza halijaingia.