Aliyesimama Migombani

Kamwene, ndugu zangu wa Mlandege. Barua yenu nimeipata. Mnataka niwatengenezee mabenchi manne ya mninga, yenye egemeo zuri, kwa ajili ya chama chenu kipya cha mazungumzo ya Jumapili. Mmeandika kwamba mtajadili dini, haki, na namna mtu anavyopaswa kuishi katika dunia hii inayobadilika. Kazi yangu ni useremala, siwezi kukataa mbao. Lakini kabla sijashika randa, nisikilizeni, maana benchi la namna hiyo nimewahi kulitengeneza, na hadi leo najuta kulitengeneza.

Mwaka 1955 nilikuwa Mbeya, nikiishi Ilomba, ambako wakati ule migomba ilikuwa mingi kuliko nyumba. Jirani yangu alikuwa Mzee Eliezeri, Mnyakyusa aliyetoka Tukuyu, mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi na sauti nzuri. Nyumbani kwake mlikuwa na amani ambayo mgeni angeitamani. Ua ulifagiwa hata majani hayaonekani. Mke wake, Mama Damari, alikuwa mcheshi. Mwana wao Asukile alikuwa migodini huko Kusini, na mke wake Atuganile alibaki pale na mtoto wao wa miezi tisa, Tupokigwe, binti mnene aliyecheka na kila mtu. Mimi nilikuwa sina mke wala mtoto, na nikimbeba yule mtoto nilisahau kwamba niko ugenini.

Jumapili baada ya ibada tulikaa barazani kwa Mzee Eliezeri, juu ya benchi nililolitengeneza mwenyewe. Tulikuwa watatu: mwenye nyumba, mimi, na Mwalimu Saulo, ambaye alikuja na baiskeli yake na gazeti la wiki mbili zilizopita. Tulizungumza mambo mazito. Je, Mkristo ashike mila za babu zake au azitupe? Kwa nini mwema anateseka? Mtu akishapata baiskeli na saa ya mkono, moyo wake unatafuta nini tena? Yalikuwa mazungumzo matamu, sisemi uongo. Nilirudi nyumbani nikijiona nimerefuka.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, kwa sababu hapa Iringa wengine hamlijui. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso. Wakikutana njiani, mwanamke anajifunika kichwa na kuingia majanini mpaka mzee apite. Jina la mzee huyo halitamki. Chakula chake anakipika, lakini wa kukipeleka mezani ni mtu mwingine. Ni adabu yao, na sina nia ya kuicheka. Wenyewe wanajua ilitoka wapi. Ninachokisema ni hiki: Mzee Eliezeri alikuwa akisimama kanisani na kuziponda mila zote, moja baada ya moja, akiziita giza. Hii moja aliibakiza. Wengi wa Wakristo wenzake walikwisha kuilegeza, yeye aliikaza. Ilimpa heshima bila kumtoa jasho, basi akaiona haina dhambi.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi, Mama Damari alikuwa amekwenda msibani Tukuyu pamoja na majirani karibu wote. Nyumbani alibaki mzee na mkamwana wake. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mto ulio nyuma ya nyumba ulifurika. Kwa hiyo njia ya kutoka pale ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya baraza, chini ya pua zetu.

Kwa kuwa Mama Damari hayupo, mimi ndiye niliyekwenda jikoni kuchukua chai. Ilikuwa saa saba. Nilimkuta Atuganile amempakata mtoto karibu na moto. Yule binti hakucheka. Mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na kifua kililia.

"Kaka Joachim," Atuganile aliniambia, "tangu asubuhi anapumua hivi. Nakuomba umwambie baba amwombe Mwalimu baiskeli, tumfikishe hospitali."

Nilimwambia nitasema sasa hivi. Nikabeba birika na vikombe nikaenda.

Nilipofika barazani nilikuta mazungumzo yamepamba moto. Mzee Eliezeri alikuwa akisimulia jinsi alivyokwenda kwenye ofisi moja ya serikali, sitaitaja, akasimamishwa nje juani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, huku wenyewe ndani wakinywa chai na kucheka. Alisimulia vizuri mno. Alituonyesha alivyoshika kofia mkononi, alivyochungulia dirishani akitumaini wamwone. Machozi yalimlenga. Kisha Mwalimu Saulo akanigeukia na kuniuliza: mtu akisimamishwa hivyo, dhambi ni ya aliyemsahau au ya aliyemwona akanyamaza?

Ndugu zangu, nilikuwa na jibu. Jibu zuri, nililolitafuta wiki nzima. Niliweka birika chini, nikakaa, nikaanza kujibu. Na mtoto? Nilijiambia nitasema nikimaliza. Nikimaliza! Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, ninayesali rozari, niliuweka ujumbe wa mama yule kando ya birika ukapoa pamoja na chai.

Saulo alinipinga, nami nikampinga. Eliezeri akaleta Maandiko. Ilipofika kama saa tisa niliona upindo wa kanga kwenye migomba iliyokuwa hatua ishirini hivi kutoka barazani. Atuganile alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, kichwa kimefunikwa. Asingeweza kusogea, kwa kuwa baba mkwe yupo. Asingeweza kupita, kwa kuwa njia ni hiyo hiyo. Asingeweza kuita, kwa kuwa aliyetakiwa kuitwa haitwi. Alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Hapo aibu ilinishika. Nikamwambia Mzee Eliezeri kwamba mkamwana wake amesimama migombani na mtoto ni mgonjwa.

Mnadhani aliinuka? Aliteremsha kofia ikafunika macho, adabu yake hiyo, asije akamwona. Akasema kwa upole, "Mwambie asubiri. Tumalize hoja hii."

Na hoja ilikuwa ipi? Ilikuwa ni yule mtu aliyesimamishwa nje! Hata sasa nikiyaandika haya hasira inanipanda. Alikuwa akimlilia mtu aliyesimamishwa nje ya ofisi, na nyuma ya kofia yake mwenyewe alikuwa amemsimamisha mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Saulo naye, baiskeli imeegemea ukuta, akafungua ukurasa mwingine wa gazeti.

Lakini ngojeni, msimtemee mate mzee peke yake. Mila ile haikunifunga mimi. Mimi ni Mbena, Mkatoliki, mgeni. Ningeweza kuinuka, kuichukua ile baiskeli bila kuomba, na kumpeleka mtoto mjini kabla hoja haijaisha. Hatua ishirini! Nilimwashiria Atuganile kwa mkono, avumilie kidogo, nikarudi kwenye mazungumzo. Nilikuwa nimeshinda hoja mbili na nilitaka ya tatu. Nikijifikiria nilivyokuwa siku ile, naona kinyaa.

Ilipata saa kumi. Eliezeri alikuwa akifunga mazungumzo kama kawaida yake, amesimama, kidole juu. Alisema, "Mwenye haki ya kusikilizwa akisimamishwa nje, aliyemsimamisha ni muuaji, hata kama hakuinua mkono."

Tulikuwa tunaitikia "kweli" tulipoona migomba inatikisika. Atuganile alitoka. Hakupita pembeni wala hakuinama. Alikuwa ameondoa kanga kichwani na kumviringishia mtoto. Alipanda barazani, akasogeza vikombe na Biblia, akamlaza Tupokigwe juu ya meza. Tulimtazama mtoto, na hapakuwa na haja ya kuuliza. Kifua kilikuwa kimenyamaza.

Kisha akamtazama baba mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Eliezeri," alisema. "Mpokee mjukuu wako. Nimengoja tangu saa saba."

Na yule mzee alifanya nini? Aligeuka akaficha uso ukutani. Mjukuu wake amelala mezani hana uhai, na yeye anahangaika asivunje mwiko! Alichosema ni kwamba ametajwa kwa jina. Alikisema mara mbili, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Atuganile alimgeuzia mgongo. Alimwinua mtoto wake, akaketi uani kwenye tope, akamwimbia wimbo wa kwao wa kubembelezea. Mimi nilisimama hatimaye. Nilisimama wakati kusimama hakuna faida tena.

Tulimzika Tupokigwe Jumatatu. Sanduku nilitengeneza mimi, halikufika hata nusu ya benchi lile. Mama Damari aliporudi kutoka msibani alikuta msiba mwingine nyumbani, na tangu siku hiyo hakumpelekea mumewe chakula barazani. Alikiacha jikoni, akamwambia kama ana njaa akakichukue. Atuganile alirudi kwao Tukuyu. Mzee Eliezeri akapeleka ujumbe kwa baba wa Atuganile kudai ng'ombe wa kufuta aibu, kwa kuwa binti yake amemtazama na kumtaja. Ng'ombe hakuletwa. Asukile aliporudi kutoka migodini, kama nilivyosikia baadaye, alifika kwanza kaburini, akamfuata mke wake, na nyumba ile hakuikanyaga tena. Ua uliofagiwa vizuri ukaota magugu.

Mngedhani basi, baraza likafa. Jumapili iliyofuata niliitwa. Nilikwenda nikidhani tunakwenda kutubu. Nilimkuta Mwalimu Saulo ameshakaa, daftari magotini, kalamu tayari. Akasoma, "Hoja ya leo: je, mkamwana alitenda haki kumtaja baba mkwe kwa jina?"

Walikuwa wamemfanya hoja. Kaburi lilikuwa bado bichi, nao wamekwishapata cha kujadili. Nilitoka barazani, nikatapika pale pale kwenye migomba alikosimama Atuganile. Mwezi ule ule nilifunga vyombo vyangu nikarudi Iringa.

FUNZO

Ndugu zangu, sisemi msizungumze juu ya Mungu na haki. Mtu asiyeuliza maana ya maisha yake anaishi tu kama mbuzi wa kamba. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na debe la maneno ya dini ndilo linalovuma kuliko yote. Haki mnayoidai kwa wakubwa, kwanza muitoe kwa yule anayewapikia chai. Mila iliyowekwa ili kulinda heshima, ikianza kumziba mtu mdomo wakati mtoto wake anakufa, mila hiyo imeoza, na anayeishika ananuka pamoja nayo. Na aliyeona akanyamaza hana pa kujificha, nami ndiye mfano wenu. Swali lile la Saulo nililijibu kwa maneno mengi siku ile. Jibu la kweli lilikuwa kuinuka.

Kwa hiyo, kabla hamjafungua mazungumzo yenu kila Jumapili, mmoja wenu azunguke nyumba nzima, afike jikoni, aulize kama kuna mtu anayesubiri.

Mabenchi yatakuwa manne, kama mlivyoagiza. Ila hayatakuwa na egemeo, ili mtu asione uvivu kuinuka.